Skizofrenia na DNA ya virusi vya kale: mama asilaumiwe

Kijana akiugua skizofrenia, swali la kwanza nyumbani huwa, "Huu ugonjwa umetoka ukoo gani?" Mara nyingi vidole humwelekea mama. Utafiti uliotolewa Mei 2024 na King's College London unafaa kueleweka vizuri hapa Kwa Mrombo, usije ukageuzwa kuwa lawama mpya.

Utafiti umesema nini?
Karibu asilimia 8 ya DNA ya kila binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu tangu mamilioni ya miaka iliyopita. Wewe unayo, jirani yako anayo. Si maambukizi, na mtoto hakuyapata kwa uzembe wa mtu.

Watafiti walichunguza sampuli za ubongo za marehemu karibu 800, pamoja na takwimu za vinasaba vya maelfu ya watu. Waliona kwamba baadhi ya mabaki hayo hufanya kazi tofauti kwa watu wenye vinasaba vinavyoongeza hatari ya skizofrenia au sonona. Huo ni uhusiano, haujathibitishwa kuwa chanzo. Hakuna kipimo wala dawa iliyotokana nao, kwa hiyo usimlipe anayekuahidi "kusafisha virusi vya ukoo".

Je, mtoto wangu atarithi?
Hatari huongezeka, lakini kurithi si lazima. Mzazi mmoja akiwa na skizofrenia, takriban watoto 9 kati ya 10 hawaugui. Vinasaba vinavyohusika ni vingi mno, na hutoka kwa baba na mama. Mazingira nayo yana nafasi yake: kuvuta bangi ujanani, kwa mfano, huongeza hatari.

Na sisi Waafrika?
Takwimu nyingi za vinasaba duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini.

Ufanye nini sasa?
Kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kujitenga au kuwashuku watu bila sababu, mpeleke kituo cha afya mapema. Akihitaji, atapewa rufaa hospitali ya mkoa, Mount Meru. Usimfunge kamba wala kumfungia ndani. Akipewa dawa, asiache bila ushauri wa daktari, hata akijisikia nafuu.

Akitaka kujiumiza au kuumiza wengine, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.