Mwambie Mahali Alipokosea

Watu husema kwamba mtu apigaye kinanda kwa kujifurahisha tu, asiyepata ujira, haifai kumkosoa. Yatosha kumpigia makofi. Mimi sikubali neno hilo.

Mwaka 1788, katika mji wa Vienna, Mozart alitunga sonata moja ya kinanda, akaandika katika daftari lake kwamba ni ya watu waanzao kujifunza. Sonata ni utungo wa kupigwa tu, pasipo kuimbwa. Hii ina sehemu tatu. Ukiitazama karatasini huonekana nyepesi: mkono wa kuume hupiga wimbo, na wa kushoto huusindikiza kwa sauti ndogo zinazorudi-rudi. Walakini wepesi huo ndio mtego, maana sauti zikiwa chache kosa halina pa kujificha. Punde baada ya mwanzo sauti hupanda na kushuka upesi kama mtu katika ngazi, na hapo kidole gumba hakina budi kupita chini ya vidole vingine. Kikipita kwa kishindo, sauti moja hutokeza kama changarawe katika wali.

Mimi nilijifunza sonata hii nikiwa mtu mzima, nikaipiga mbele ya jamaa na rafiki zangu. Wote walinisifu. Mcheza kwao hutunzwa! Bibi mmoja mzee tu, aliyefundisha kinanda miaka mingi, alinijia akaniuliza, "Mwanangu, mkono wako wa kushoto umemkasirikia nani?"

Niliona uchungu, tena mbele ya watu. Hata siku ya tatu nikaketi, nikapiga mkono wa kuume peke yake, kisha yote miwili pamoja. Kumbe mkono wa kushoto ulikuwa ukiufunika wimbo wote, nami sikupata kusikia hata mara moja.

Sababu si uziwi. Mpigaji hushughulika na vidole vyake, na moyoni husikia wimbo kama atakavyo uwe. Aliyeketi kando ndiye ausikiaye kama ulivyo. Siku hizi mtu aweza kujinasa sauti kwa simu akajisikiliza, na ni jambo jema, ila simu haimwulizi swali.

Mpigaji mashuhuri anao walimu na waandishi wa magazeti wa kumpima. Huyu wa nyumbani hana ila sisi. Wala kumwambia, "Hukupiga vizuri," si msaada. Ni kama kumwambia mgonjwa kwamba ni mgonjwa. Mwambie mahali: "Ulipoanza kupanda, ulikimbia." Naye asiulize, "Je, nimepiga vizuri?" kwani swali hilo laomba sifa, na watu wenye adabu watampa. Na aulize, "Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzito?"

Baada ya mwezi nilimrudia yule bibi, nikampigia tena. Alisikiliza mpaka mwisho, macho ameyafumba, akasema, "Vema. Sasa tutazame kidole gumba."