Nani aliwaambia breki ya mbele inaangusha?

Huu ni mwezi wa saba najenga pitbaiki nyuma ya nyumba yetu hapa Mtopanga, na ushauri niliopewa mara nyingi kuliko wowote ni huu: ng'oa breki ya mbele. Jirani kanambia. Vijana wa steji wamenambia. Binamu yangu wa Likoni alivuka feri jua kali kuja kuiona, akaizunguka mara mbili, kisha akasema, "Hiyo ya mbele itakurusha siku moja. Toa tu, ubaki na ya nyuma."

Jamani, mimi nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Na sikuvunjika kwa sababu breki ya mbele ilishika. Nilivunjika kwa sababu haikushika.

Kwa asiyejua, pitbaiki ni kipikipiki kifupi cha kuchezea vumbini. Yangu ina tairi ya inchi 14 mbele na 12 nyuma, injini ya kulala niliyoitoa kwenye pikipiki iliyokufa, na fremu ya pikipiki ya watoto niliyoikuta kwa wauza mitumba. Haina taa, haina namba, kwa hivyo haiendi lami. Msinitumie ujumbe wa kuuliza kama yaweza kupiga boda.

Sasa hofu yenyewe yatoka wapi? Yatoka kwenye boda, na kwa boda ina maana kidogo. Boxer iliyobeba abiria wawili na gunia la mkaa, uzito wote umekaa nyuma. Ukikanyaga breki ya nyuma, tairi imelaliwa vizuri, itashika. Ongeza tairi ya mbele iliyoisha upara na dereva aliyezoea kukamata breki kwa ghafla katikati ya kona, lazima mtu alale chini. Ndio mafunzo yakawa hivyo: usiguse ya mbele. Mtu anafundishwa na kaka yake, naye anamfundisha mdogo wake. Hakuna aliyeuliza tena.

Lakini pitbaiki unapanda peke yako, na mara nyingi umesimama juu ya vikanyagio. Kumbuka ukiwa umesimama ndani ya matatu, dereva akafunga breki. Waenda wapi? Mbele, mpaka kwa kondakta. Pikipiki nayo hivyo hivyo. Uzito wakimbilia mbele, tairi ya mbele yakandamizwa chini, ya nyuma yabaki nyepesi kama kuku. Ukiikanyaga ya nyuma peke yake inafunga na kuteleza, wala husimami. Sasa unaponiambia ning'oe ya mbele, wanambia nitupe kitu chenye kazi kubwa zaidi.

Ntawaambia ilivyokuwa.

Nilinunua masta silinda, yaani ule mtungi wa juu kwenye usukani wenye mkono wa breki, kwa muuzaji wa spea za mitumba. Ilikuwa imetoka kwenye pikipiki kubwa yenye diski mbili mbele. Nzuri, nyeusi, na kikombe cha mafuta cha pembeni kama za mashindano. Nilijiambia, ikiwa yasimamisha pikipiki ya kilo mia mbili, kangu haka itakasimamisha kabla sijafikiria. Niliilipia elfu tatu na mia tano na nikaipiga picha kabla hata sijaifunga. Wengi wenu mliipenda ile picha.

Siku ya kwanza nikaenda nayo Nguu Tatu. Kupanda, poa. Kuteremka, ile njia ya kokoto, nikavuta mkono wa breki kwa vidole viwili. Mgumu kama ubao. Nikavuta kwa vinne. Ubao. Pikipiki yashuka tu. Nikakanyaga ya nyuma kwa woga, ikafunga, mkia ukaja pembeni, nikatua na bega. Wiki sita mkono shingoni, na mamangu hakunisemesha kwa mbili za kwanza.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la hesabu ya darasa la nane. Pistoni ya masta ile ilikuwa na kipenyo cha mm 16. Iliyofaa kalipa yangu, ile sehemu inayobana diski, ni mm 11. Watu wengi, mimi nikiwemo, huamini masta kubwa ndio nguvu kubwa. Ni kinyume. Mafuta ya breki hufanya kazi kwa shinikizo, na nguvu ile ile ya mkono ukiitandaza juu ya eneo kubwa, shinikizo lapungua. Pistoni ya mm 16 ina eneo la milimita za mraba 201 hivi, ya mm 11 ina 95. Kwa hiyo ukivuta sawasawa, ile kubwa inapeleka chini ya nusu ya shinikizo. Ndio maana mkono unakuwa mgumu na breki haibani. Ile ndogo mkono wake waenda mbali kidogo, walainika, na waisikia tairi inavyoanza kushika.

Basi nikaanza upya, na safari hii nikaenda kwa fundi mzee wa Kisauni ambaye sote twamwita Ami. Ami ni mtu wa dramu. "Mwanangu, dramu ni waya na viatu vya breki, kila duka wauza. Diski yataka mafuta, yataka kutoa hewa, ikivuja umekwisha." Sitamkosoa, shikamoo yake iko pale pale. Kwa bei na kwa spea, dramu yashinda. Lakini mchanga na maji vikiingia ndani ya dramu havina haraka ya kutoka. Ukivuka dimbwi moja la Utange baada ya mvua, unaendesha dakika kadhaa ukivuta mkono na hakuna cha maana. Diski iko nje, yazunguka, yajifuta yenyewe kila pedi zinapoigusa. Kwa mtu wa vumbini, mimi nimechagua diski.

Diski gani? Hapa ndipo vijana wengi twapotea, kwa sababu twanunua vipande. Masta ya huku, kalipa ya kule, diski ya kwanza tuliyoiona. Maoni yangu, na niko tayari kubishana na yeyote: nunua breki iliyozaliwa pamoja. Tafuta sehemu ya mbele nzima ya pitbaiki moja au dirt baiki ndogo, foki, rimu, ekseli, diski, kalipa na masta yake. Diski ya mm 220 ni saizi ya kawaida kwa pitbaiki nyingi za Kichina na yatosha kabisa. Hiyo ndiyo niliyopata mwishowe, imekwaruzika, mbaya kwa sura. Hakuna aliyeipenda picha yake.

Na ukikosa seti, angalau usikubali kalipa ichomelewe kwenye foki. Kuna chuma-cheza mmoja aliniambia ataichomea nusu saa. Mguu wa chini wa foki yangu ni alumini, na yeye alikuwa na mashine ya vijiti vya chuma! Hata ingeshika, joto lingepinda foki. Kalipa hufungwa kwa bolti, juu ya bamba lililokatwa kwa kipimo, na pedi zote mbili ziwe zimelala sawa juu ya diski. Ikiinama kidogo tu, pedi yala upande mmoja.

Paipu ya breki nayo ina hadithi. Ile ya seti ilikuwa imepasuka, nikaambiwa niende Changamwe kwa wanaotengeneza mabomba ya haidroliki ya malori na foklifti. Wako wazuri sana, wanakubania mwisho wa bomba ukiwa umesimama pale pale. Nilikaribia kulipa. Bahati Ami alikuwa kwenye simu: "Muulize mpira wake ni wa oili au wa mafuta ya breki." Ulikuwa wa oili. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 si oili, na mpira wa oili hauvumiliani nayo, walegea. Na kinyume chake vilevile: ukitia oili ya injini kwenye masta kwa sababu umeishiwa, mipira ya ndani yavimba na breki yajifunga yenyewe. Nunua paipu ya breki, ya urefu wa kutosha usukani ukigeuka mwisho na foki ikinyooka yote, lakini isining'inie ikaguswa na tairi.

Mafuta yenyewe nimetia DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanywa unyevu kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, na wajua unyevu wetu wa Mombasa, hata chumvi ya mezani yalia. Chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana kwenye rafu ya mtu, hata akikupa bure, muachie.

Halafu chumvi ya bahari. Wale wa Likoni mnaopenda kuzungusha Shelly Beach, kwanza kuna watoto wanaogelea, lakini hata ukiamka alfajiri hakuna mtu, zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake zitaota kutu na pedi moja itabaki imegusa diski. Osha kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Najua, maji yenyewe twanunua kwa mitungi ya mkokoteni, na nyumbani kwetu nikigusa mtungi wa lita 20 kwa ajili ya pikipiki pana kelele. Natumia maji ya kusuuzia nguo za mwisho. Kisha nazitia pini grisi ya breki, kidogo, isiguse diski.

Sasa yavutwa kwa kidole kimoja. Nimejifunza kuivuta nikiwa nimenyooka, kabla ya kona, taratibu halafu zaidi, na kuiachia nikiingia mchanga mwingi kwa sababu mchanga wenyewe tayari ni breki. Kila asubuhi kabla sijatoka nauvuta mkono na kuushikilia nikihesabu mpaka sitini. Ukizama kuelekea kwenye usukani, mahali panavuja na siendi popote.

Yote haya nisingeyaandika kwa urefu hivi kama ningekuwa napanda peke yangu. Mdogo wangu ana miaka 14 na amekuwa akinishikia spana tangu siku ya kwanza. Mama amesema anaweza kuipanda, kwa kofia na buti, na kwamba likitokea la kutokea nitamjibu mimi. Binamu wa Likoni bado amwambia dogo asiguse ya mbele.

Jumamosi nampeleka kiwanja cha mpira kabla watu hawajaamka. Nitamwekea mawe mawili na atasimama kati yao kwa breki ya mbele tu, mwendo wa kutembea, mara hamsini. Nguu Tatu itangoja.