Cabernet au Merlot? Tazama kwanza chunguni

 

Leo naianika aibu yangu ili isije ikawa yako. Siku ya kwanza wakwe zangu kuja kula kwangu, tulipika samaki wa kupaka, na pilipili haikusahauliwa. Nikakimbia dukani kununua divai nyekundu. Mbele yangu kulikuwa na chupa mbili, Merlot na Cabernet Sauvignon. Nilichukua Cabernet kwa sababu moja tu: bei yake ilikuwa juu. Baba mkwe alionja mara moja, akakunja uso, kisha akaisogeza glasi kando taratibu ili nisione. Niliona.

Kosa halikuwa la divai. Lilikuwa langu mimi niliyetazama bei nikasahau chakula.

Aina hizi mbili ni ndugu. Zote zilijipatia sifa katika eneo la Bordeaux, Ufaransa, na uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa zina mzazi mmoja, mzabibu uitwao Cabernet Franc. Lakini wajua, msomaji, kwamba ndugu wa nyumba moja huenda wasilingane kwa tabia.

Zabibu za Cabernet ni ndogo na ganda lake ni nene. Katika maganda na kokwa ndimo inamotoka tanini, ambayo huleta ule ukakasi unaoupata ukinywa turungi iliyochemka kupita kiasi. Ulimi hukauka na ufizi hukaza. Merlot nayo huiva mapema zaidi, ganda lake ni jembamba, na divai yake kwa kawaida huwa laini, yenye ladha ya kukumbusha plamu zilizoiva.

Sasa tazama chunguni. Kama ni nyama choma, mbavu za mbuzi au nyama ya ng'ombe yenye mafuta, chukua Cabernet. Nyama na mafuta yake huupunguza ule ukakasi, na divai ikawa tamu ya kunywa. Kama ni kuku wa kuokwa, pilau isiyo kali au tambi zenye mchuzi wa nyanya, Merlot itakufaa. Lakini samaki na pilipili havipatani na tanini. Samaki huweza kuacha mdomoni ladha kama ya chuma, na pombe huchochea moto wa pilipili. Siku hiyo heri divai nyeupe iliyopoa, au maji ya ndimu.

Zifikirie pia ndimi za wageni. Aliyezoea divai ya sukari atashtuka, kwa kuwa nyingi za aina hizi mbili si tamu hivyo. Karibu sukari yote ya zabibu imekwisha kugeuka pombe. Anayeanza, mpe Merlot, itampokea kwa upole.

Ukiwa Mombasa au mahali penye joto, iweke chupa katika friji kwa nusu saa kabla ya kuandaa meza. Chupa ya kawaida ya mililita 750 hutoa glasi tano za kiasi. Ikibaki, izibe, uirudishe katika friji na kuimaliza katika muda wa siku tatu hivi.

Na mgeni asiyekunywa, iwe ni kwa dini, afya au hiari yake, mpe maji ya matunda katika glasi nzuri kama za wenzake, wala usimuulize sababu. Wanafunzi mlio chini ya miaka 18, sheria imewakataza. Someni tu, siku yenu itafika. Naye atakayeendesha gari asiguse.

Wakwe zangu walirudi miezi michache baadaye. Safari hii tulichoma mbuzi, nami nikaweka mezani Cabernet ya aina ileile. Baba mkwe alionja, akatafuna kipande cha ubavu, akaonja tena. Kisha akaisogeza glasi, si kando, bali kwangu, nimwongeze.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.