Ngeli Si Adui wa Programu za Simu



Kuna hoja inayozagaa madarasani hapa Uganda, nayo ni hii: anayetaka kuunda programu za simu hana haja ya Kiswahili, kwa kuwa kompyuta haikielewi. Hoja hiyo ni potofu, na leo nakusudia kuivunja.

Nakiri kwanza lililo kweli. Maneno ya amri katika Kotlin, lugha ambayo wengi huandikia programu za Android, yanatokana na Kiingereza. Lakini maneno hayo ni machache, na mwanagenzi huyazoea kwa mazoezi. Isitoshe, amri husomwa na mashine. Anayesoma kioo cha simu ni binadamu. Je, huyo ataandikiwa kwa lugha gani?

Wapinzani hujibu kwamba kuongeza Kiswahili ni kazi kubwa mno. Si kweli. Katika Android, maandishi anayoyaona mtumiaji hutakiwa kuwekwa katika faili liitwalo strings.xml, mbali na amri. Ukitaka Kiswahili, unaongeza kabrasha la values-sw na kuweka humo faili la jina lilo hilo lenye tafsiri. Simu iliyowekwa katika Kiswahili italichagua yenyewe, bila wewe kugusa amri hata moja.

Ugumu upo kwingine, na huko ndiko anayedharau ngeli huumbuka. Mwanagenzi huandika kiolezo kimoja: nafasi ya jina, kisha neno "imefutwa". Akijaza "picha", sentensi ni sahihi. Akijaza "kitabu", mtumiaji husoma "kitabu imefutwa". Picha zikiwa tatu, husoma "picha 3 imefutwa". Kiswahili hakivumilii uzembe huo. Dawa ni kuandika sentensi kamili kwa kila jina, umoja na wingi: "Kitabu kimefutwa", "Vitabu 3 vimefutwa". Nani ataligundua kosa hilo mapema? Si kompyuta, bali ni yule aliyeshughulikia upatanisho wa kisarufi darasani.

Tena jambo hili ni la uraia. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mchuuzi wa Mpondwe au Busia ajuaye Kiswahili wala hajui Kiingereza, akipewa programu ya fedha asiyoweza kuisoma, hulazimika kumkabidhi mtu mwingine simu yake pamoja na namba yake ya siri. Hapo lugha ya kioo imeamua nani alindwe na nani aibiwe.

Basi anzeni na kitu kidogo: programu yenye kitufe kimoja na sentensi mbili. Iandikeni kwa Kiswahili sanifu, mpeni mtu asiyejua Kiingereza aitumie, nanyi mnyamaze mtazame anapokwama. Kisha rudini mkarekebishe. Huo ndio mwanzo wa ufundi.