KLABU YA VIJANA NA IWE YA VIJANA

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika kurasa za chama chetu nipate kujibu maneno yaliyosemwa barazani juu ya klabu ambayo vijana wa Kibaha na Kisarawe wataka kuianzisha. Nilikuwapo, nikasikia, nikanyamaza kwa adabu, kwa kuwa waliosema ni wakubwa zangu. Walakini kunyamaza si kukubali, na adabu isiyothubutu kusema kweli ni woga uliovaa kanzu. Kwa hiyo naandika.

Waliosema walikuwa watatu. Wa kwanza alisema ya kwamba klabu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Wa pili alisema klabu ni njema, ila kwanza itafutiwe mkubwa mwenye fedha awe mlezi wake. Wa tatu ni kijana mwenzangu, naye alisema, "Niandikeni jina, na siku ya faida mtaniita." Nitamjibu kila mmoja kwa zamu yake.

Nianze na wa kwanza. Mzee wangu, je, vyama vya watumishi kama hiki chetu vilitoka wapi? Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Kayamba alizaliwa mwaka 1891. Basi wakati ule alikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo. Hawakuanza na bendera wala risala kwa Gavana. Walianza na mahali pa kukutana baada ya saa za kazi, Mkristo na Mwislamu pamoja, wasome, wazungumze, wacheze mpira. Katika kukaa pamoja walijifunza kuongoza mkutano, kutunza kitabu cha fedha, na kushindwa kwa kura bila kununa. Mwaka 1929 African Association ikazaliwa Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu. Mwaka 1948 ikawa T.A.A., na tarehe 7 Julai 1954 ikawa TANU. Rais wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu wa Pugu, kilima kinachopakana na Kisarawe yetu, naye umri wake haukutimia miaka 33.

Wala si makarani peke yao. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, haikuwapata kwa matangazo ukutani. Iliwapata katika vyama vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi wao, michango yao na desturi yao ya kuitana. Bibi Titi Mohamed alitoka katika ngoma ya Bomba, akawaendea wenzake wa ngoma nyingine, nao wakaja kwa mamia. Je, mzee wangu, ule nao ulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi? Mimi naona ilikuwa shule, na karo yake ilikuwa senti za mchango.

Sasa nitazame hali yetu. Kijana apewapo kazi Kisarawe, hushuka katika daladala na sanduku lake, hajui mtu. Kutwa yu mezani, na jioni hurudi chumbani kwake. Mwezi wa kwanza mshahara haujaja. Mwezi wa pili mama yake ni mgonjwa huko kwao. Amwendee nani? Haendi kwa mkuu wake wa kazi, kwa kuwa aona haya. Huenda kwa wale wakopeshaji ambao watu wenyewe wamewapa jina, kausha damu. Namjua mmoja aliyeacha kadi yake ya benki mikononi mwao, na kila mwisho wa mwezi walitangulia wao kuufikia mshahara wake. Kijana yule hakukosa akili. Alikosa watu kumi wa rika lake ambao angeweza kuwaambia, "Ndugu zangu, nimekwama." Mzee asemaye klabu ni upuzi na aniambie kijana yule angekwenda wapi.

Wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi, maana maneno yake ni matamu. Asema, "Tafuteni mlezi. Atawanunulia viti, turubai na jezi." Nami najibu kwa jambo lililonipata. Zamani kidogo niliingia katika klabu ya namna hiyo. Mheshimiwa mmoja alitupa viti hamsini na spika mbili. Tukashangilia, tukamfanya mlezi, na tangu siku ile hakuna aliyetoa ada tena. Kwa nini atoe, na mwenye nacho yupo? Mikutano ikawa siku aitakayo yeye, na ajenda ikawa safari zake. Kura zake zilipokosa kutosha, alituma gari asubuhi likachukua viti na spika. Mimi nilikuwa mweka hazina. Nilisimama mlangoni na daftari langu mkononi, wala sikuwa na neno la kusema, kwa sababu katika daftari lile hapakuwa na kiti kimoja tulichokinunua sisi. Klabu ikafa siku ile. Wazee walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utoto, lakini maana yake niliipata pale mlangoni.

Labda mtasema ya kwamba fedha zetu ni kidogo. Ni kweli, ni kidogo, lakini hesabuni. Watu 40 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, mwaka ukiisha ni shilingi 960,000. Hiyo yanunua viti ambavyo gari la mtu halitakuja kuvichukua, na hubaki akiba ya kumfaa aliyefiwa. Tazameni na vilabu vikubwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na vijana wa Dar es Salaam, na Simba ikatokea mwaka 1936. Miaka mingi baadaye, habari ya wawekezaji ilipokuja, kanuni za Serikali zilitaka wanachama wabaki na hisa 51 kwa mia. Ikiwa klabu yenye mamilioni ya fedha hulindwa isimtoke mwanachama, je, sisi tunaoanza na turubai moja tuikabidhi kwa mtu kabla haijapata jina?

Simkatai mwenye kutoa. Atoe, apewe stakabadhi, ashukuriwe mbele ya mkutano, kisha akae kitini kama mgeni. Cheo hakinunuliwi.

Sasa wa tatu, kijana mwenzangu, na kwako sitakuwa na huruma. Wewe ndiwe uuaye vyama, si wazee. Twajua ya kwamba halmashauri hutenga sehemu kumi kwa mia ya mapato yake kwa mikopo ya vikundi, na katika hizo nne ni za vijana. Jambo hilo ni jema. Lakini tumeona vikundi vingapi vilivyoandikwa usiku mmoja kwa ajili ya mkopo, majina yakijazwa kama watu wajazavyo gunia, na fedha zilipogawanywa hawakukutana tena ila kwa kukimbiana? Ukiingia klabu kwa jina, bila miguu yako kufika mkutanoni na bila ada yako kufika kwa mweka hazina, hujaingia. Umetuongezea kivuli tu katika daftari.

Basi, ili nisiwe mtu wa kulaumu bila kujenga, natoa shauri langu. Klabu na iandikishwe kwa Msajili wa Jumuiya kama sheria itakavyo, iwe na katiba yake. Mwanachama awe na umri usiozidi miaka 35, na atakapouvuka apokee shukrani na kuondoka katika uongozi. Fedha zitoke kwa saini mbili, na hesabu zisomwe kila mkutano, hata kama ni shilingi mia. Wanawake wasifanywe wapishi wa sherehe. Wagombee kila cheo, na hazina vilevile. Mikutano iende kwa zamu, mwezi huu Kibaha na mwezi ujao Kisarawe. Najua ya kwamba atokaye Mailimoja hushuka kwanza mpaka Dar es Salaam kisha apande tena kwa njia ya Pugu. Ni mbali, na nauli ni fedha. Lakini wakisafiri watu wa upande mmoja tu siku zote, wale wengine watakuwa wenyeji na hawa watakuwa wageni, na mgeni hachelewi kuaga.

Mwisho nasema na wazee wetu kwa heshima. Hatuwafukuzi. Twaomba mtufundishe namna ya kuandika kumbukumbu za mkutano, na mtukemee tukikosa. Lakini mtuache tukosee katika nyumba yetu wenyewe. Mtoto ashikwaye mkono mpaka ukubwani hajui kama ana miguu.

Mimi nina miaka 35. Mwakani, kwa kanuni ninayoitaka mwenyewe, nitatoka. Sitaila faida ya klabu hii zaidi ya mwaka mmoja, basi mtu asiseme ya kwamba natafuta cheo. Nataka tu yule kijana atakayeshuka Kisarawe na sanduku lake akute mlango wa kubisha. Ada yangu ya mwezi wa kwanza iko tayari. Yako iko wapi, ndugu msomaji?

Ndimi mtumishi wenu,
KARANI WA KIBAHA