Michezo Midogo ya Kompyuta na Ufundishaji Wetu

Imekuwa desturi katika vyuo vyetu vya ualimu kulifundisha somo la kompyuta kama tulivyofundishwa zamani viungo vya mwili. Mwanachuo huchora kioo, kibodi na kipanya, huandika majina yake kwa mishale, huyakariri, na hatimaye hupewa alama zake. Kisha huenda shuleni akawachoreshe watoto mchoro ule ule. Katika makala haya tunatoa rai kwamba njia hiyo iachwe, na mahali pake pawekwe kazi ambayo baadhi ya wenzetu wataiona ya kitoto: kutengeneza picha ndogo na michezo midogo ya mtindo wa kompyuta za zamani, kwanza kwa mkono, kisha kwa mashine pale mashine inapopatikana.

Rai hii hatukuipata vitabuni. Mwaka jana tulifika Mitole, Wilaya ya Kilwa, kumtazama mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Alifundisha Darasa la Sita sehemu za kompyuta, na andalio lake la somo lilikuwa safi. Mtoto mmoja aliyeitwa mbele alizitaja sehemu zote bila kukosea hata moja. Tukamwuliza, "Je, kompyuta hufanya nini hata picha ionekane pale kwenye kioo?" Mtoto akautazama ubao, kisha akamtazama mwalimu wake, naye mwalimu akatutazama sisi. Hapana budi tukiri kwamba swali lile sisi wenyewe hatukuwahi kumfundisha kulijibu. Kosa halikuwa la mtoto wala la mwanachuo, lilikuwa letu.

Jioni ile tulikaa na wazee waliokuwa wakicheza bao, na hapo ndipo tulipopata zana tuliyoikosa darasani. Bao la Kiswahili lina safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Mabao mawili yakilazwa pamoja, moja juu ya jingine, hufanya safu nane za mashimo manane, yaani mashimo 64. Yeyote aliyepata kutazama kazi za kompyuta ndogo za miaka ya 1980 atatambua mara moja kwamba kipimo hicho, nane kwa nane, ndicho kilichokuwa kipande cha msingi cha picha zake. Tuliwaomba wazee mabao mawili pamoja na kete zake, wakatupa, ingawa kwa kutushangaa kidogo.

Asubuhi yake tuliliweka darasa chini ya mwembe. Tuliwaambia watoto kwamba shimo lenye kete ni nukta inayowaka, na shimo tupu ni giza. Mitole haiko ufukweni, lakini mashua hawaigeni, kwa hiyo tulikubaliana kuunda mashua: mlingoti, tanga, na chini yake mwili. Ilichukua kete 29. Kisha juu ya mashimo tukaandika kwa chaki, kutoka kushoto kwenda kulia: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kila kundi lilijumlisha thamani za mashimo yenye kete katika safu yake, na mashua yote ikawa namba nane tu: 16, 24, 28, 30, 16, 255, 126, 60. Tuliwaeleza kwamba kompyuta haina picha ndani yake. Ina namba kama hizi, na kazi ya programu ni kuzigeuza namba hizo kwa utaratibu. Kwa mara ya kwanza lile swali la jana lilipata jibu.

Baadaye tuliwataka waisogeze mashua hatua moja kulia. Walihamisha kete, wakajumlisha upya, wakapata 8, 12, 14, 15, 8, 127, 63, 30. Msichana mmoja alizilinganisha zile orodha mbili, akasema kwamba kila namba imegawanywa kwa mbili. Mwenzake akapinga: 255 haigawanyiki kwa mbili, hubaki moja. Ndipo wote walipogeuka kuitafuta ile moja, wakaiona: ilikuwa kete ya mwisho upande wa kulia, iliyokosa shimo la kuingia na kubaki mkononi mwa mtoto. Walimu wenzetu wanaofundisha hisabati wanajua jinsi ilivyo taabu kumweleza mtoto maana ya baki. Pale baki lilikuwa linashikika. Ukazuka ubishi kama kete ile itupwe au irudishwe upande wa kushoto, na darasa likaamua irudishwe, kwa kuwa katika bao kete huzunguka. Hawakujua kwamba waandishi wa michezo ya kompyuta nao hukumbana na uamuzi huo huo kila picha inapofika ukingoni.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini turudi kwenye mtindo wa kompyuta zilizokwisha kupitwa na wakati? Jibu letu ni kwamba udogo wake ndio ualimu wake. Chukua mfano wa ZX Spectrum, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982. Kioo chake kilikuwa na nukta 256 kwa 192, na kiligawanyika katika vipande 768 vya nukta nane kwa nane, kila kipande kikiruhusiwa rangi mbili tu. Mtoto wa Mitole aliyepanga mabao mawili amekwisha kuunda kipande kimoja kati ya hivyo 768, naye anaweza kuihesabu safari iliyobaki. Kompyuta ya leo ina mamilioni ya nukta na humficha mtumiaji kila kitu. Huwezi kumfundisha mwanafunzi mashine ambayo hakuna sehemu yake anayoweza kuishika yote akilini.

Zaidi ya hayo, mtindo huu haujafa. Wako watu katika nchi nyingi ambao hadi leo huandika programu za mashine zile kwa kujifurahisha, wakishindana nani ataonyesha picha ya ajabu zaidi kwa kumbukumbu ndogo zaidi. Finland iliutambua utamaduni huo kuwa miongoni mwa urithi wake ulio hai mwaka 2020, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Sisi wa Kilwa, ambao magofu yetu ya Kisiwani na Songo Mnara yako katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, hatuna sababu ya kudhani kwamba kitu cha zamani hakina la kufundisha.

Iko pia sababu ya historia yetu wenyewe. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1990. Hatuandiki haya kwa kulaumu. Fedha za kigeni zilikuwa haba na mahitaji mengi. Lakini matokeo yake ni kwamba katika miaka ile ile ambayo vijana wa Ulaya walinakili michezo kutoka magazetini, mstari kwa mstari, na kuirekebisha ilipokataa kwenda, vijana wetu hawakupata nafasi hiyo. Kompyuta ilipotufikia, ilitufikia ikiwa imekwisha kuwa chombo cha ofisi, cha kuandikia barua na kuhesabia mishahara. Tuliruka darasa moja. Darasa hilo ndilo tunalopendekeza turudi tukalisome, na bahati njema ni kwamba ada yake ni ndogo.

Tunajua yako mapingamizi. La kwanza ni kwamba michezo huwapotezea watoto muda. Kucheza mchezo ulioundwa na mwingine huenda kukapoteza muda. Kuunda mchezo ni kazi ya kupanga kanuni, kuzijaribu na kuzisahihisha. La pili ni kwamba bao si kompyuta. Hilo ni kweli, nasi hatutaki mtu yeyote achukue makala haya kuwa kisingizio cha kuzinyima shule vifaa. Mtoto lazima hatimaye aiguse mashine. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyekwisha kusogeza mashua kwa kete atajua la kuifanyia mashine siku atakapoipata, na yule aliyekariri majina hatajua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachuo atengeneze kwa mkono picha tatu za nane kwa nane na azifundishe katika mazoezi yake, kwa mabao, kwa karatasi ya miraba, au kwa vifuniko vya chupa. Pili, ziongezwe athari za picha zinazohitaji kanuni moja tu. Aliyesafiri kwa basi kutoka Nangurukuru kwenda Lindi ameona jinsi miti ya karibu inavyokimbia na vilima vya mbali vinavyotembea polepole. Basi na achore nyota tatu kwenye miraba, ya karibu iende miraba mitatu kila hatua, ya kati miwili, ya mbali mmoja, naye atakuwa amepata kina kwenye karatasi bapa. Hata moto unaweza kuchorwa: safu ya chini huandikwa namba kubwa za kubahatisha, na kila mraba wa juu hupewa wastani wa miraba mitatu iliyo chini yake, ukitoa moja. Namba kubwa hupakwa njano, za kati nyekundu, ndogo nyeusi, na ndimi za moto hujionyesha zenyewe. Tatu, chuo chenye kompyuta hata moja kiitumie kwa kazi hiyo hiyo. Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 inatudai umahiri wa kutenda. Dai hilo halitatimizwa kwa michoro ya vipanya ubaoni. Tulipoyarudisha mabao yale Mitole, wazee walituuliza watoto walikuwa wakicheza nini. Mtoto mmoja aliyekuja nasi aliwatangulia kujibu: alizipanga kete 29 mbele yao, akaanza kuwaeleza. Hatukumsahihisha mahali popote.