Nani Ateue Vigeu vya Sheng?

Mwaka wa 1936, R. A. Fisher alitumia uchanganuzi bainishi kutenganisha spishi za maua kwa vipimo vinne tu. Leo mtafiti wa Sheng aweza kurundika sifa thelathini za usemi wa vijana wa Kaloleni na Buruburu, kisha akaiachia SPSS iteue, hatua kwa hatua, zinazoitenganisha mitaa hiyo. Njia hii yapotosha. Viambishi -ang- katika “anakujanga” na ka- katika “kamtu” vikiandamana, huenda programu ikateua kimoja na kukitupa kingine, ingawa vyote vina uzito kiisimu. Aidha, sifa zikiwa nyingi na wasemaji wachache, sadfa hugeuka kanuni, na vijana wa Eastlands wakabandikwa usemi usio wao. Mwanaisimu na ateue vigeu kwa nadharia kwanza, kisha ayapime matokeo kwa wasemaji wapya.